Jinsi ya kumpiga picha usubi aliyeng'ang'ania bawa la kereng'ende

Karibuni. Kereng'ende huwakamata usubi angani na kuwala, lakini wapo usubi wanaomgeuzia kibao. Huko Ulaya anayejulikana zaidi ni Forcipomyia paludis. Jike hutua kwenye bawa, hutoboa mshipa na kunyonya majimaji ambayo kwa wadudu ndiyo damu. Bawa lile linaonekana kavu kama karatasi, kumbe damu inapita ndani ya mishipa yake. Leo tunamtafuta huyo mnyonyaji.

Kwanza, saa. Nenda kwenye kinamasi au bwawa lenye matete asubuhi na mapema, kereng'ende akiwa bado ana baridi. Jua likishampasha moto, utabaki unakimbizana naye.

Pili, msogelee polepole, umeinama, na kivuli chako kisimguse. Anza kupiga ukiwa mbali kidogo: picha ya mwili mzima itakusaidia kutambua spishi na jinsia, hata akiruka baadaye.

Tatu, bawa. Tumia lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, na uso wake uwe sambamba na bawa. Ukiinamisha kamera, nusu ya bawa itakuwa ukungu, na usubi ana milimita chache tu. Piga mabawa yote manne, na usisahau shina la bawa, pale linapoungana na mwili.

Sasa kuza picha. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kile kidoa cheusi karibu na ncha ya kila bawa ni sehemu ya bawa lenyewe, kiache. Kidonge chekundu au cha chungwa kisicho na mabawa ni utitiri wa maji. Mara nyingi hujazana chini ya kifua au tumbo, ingawa wapo wanaokaa kwenye mabawa pia. Usubi utamjua kwa miguu yake, mabawa yake mawili, na kichwa kilichoinamia mshipa. Aliyeshiba tumbo huvimba.

Tafadhali usimbandue. Amejishikiza imara kiasi kwamba hata kereng'ende akiruka yeye hadondoki, na ukimvuta utachana bawa.

Mwisho, andika tarehe, mahali, spishi na idadi kwa kila bawa: mbele kulia wawili, nyuma kushoto mmoja. Mabawa yakiwa safi, andika sifuri. Bila hizo sifuri, hatuwezi kujua ni kereng'ende wangapi kati ya waliokaguliwa wana usubi.