Kipawa na Msalato: Ardhi ya Kiwanja cha Ndege

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, wanafunzi, na ndugu zangu wote mliofika jioni hii, mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie kiwanja kikuu cha ndege cha nchi yetu, Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, kilichopo Dar es Salaam. Huenda wapo wanaojiuliza kwa nini habari za Dar es Salaam zijadiliwe Dodoma. Sababu iko Msalato, kaskazini mwa jiji letu, kando ya barabara iendayo Arusha, ambako kinajengwa kiwanja kingine cha kimataifa. Nami naamini kwamba anayetaka kukielewa kiwanja kinachozaliwa hana budi kuijua historia ya kaka yake. Nawaomba mnivumilie mkiona kwamba nazungumza zaidi juu ya ardhi kuliko juu ya ndege, kwa maana katika miaka yote niliyolifuatilia jambo hili nimeona kuwa kiwanja cha ndege hufaulu au hukwama kwa ardhi yake kabla ya jambo lingine lolote.

Nianze na habari ambayo nilipoisoma mara ya kwanza ilinifurahisha sana. Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipoanzisha safari za kutoka London hadi Cape Town, ndege zake zilitoka Nairobi zikatua Moshi, kisha zikatua hapa Dodoma, kisha Mbeya, ndipo zikavuka kwenda nchi ambayo leo tunaiita Zambia. Dar es Salaam haikuwamo katika mstari huo. Ndege za wakati ule hazikuweza kwenda mwendo mrefu bila kujaza mafuta, kwa hiyo zilihitaji vituo vya karibu karibu, na mji huu wa reli, wenye nyanda tambarare na mvua za msimu mmoja tu katika mwaka, ulikuwa mahali pazuri pa kutua. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Msalato itaiingiza Dodoma katika safari za anga za kimataifa kwa mara ya kwanza, mwambieni kwa upole kwamba mabibi na mababu zetu waliziona ndege hizo.

Kilichoiondoa Dodoma katika safari hizo ni maji. Mwaka 1937 shirika hilohilo lilihamishia safari zake kuu kwenye ndege za majini, zile zenye tumbo kama la mashua, ambazo hazikuhitaji kiwanja bali maji yaliyotulia. Njia ikahamia pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea kusini hadi Durban. Bandari ya Dar es Salaam, iliyofunikwa na ardhi pande zote, ikawa kiwanja cha kimataifa bila mti mmoja kukatwa. Sisi hatukuwa na bahari ya kuwapa.

Ndege za nchi kavu nazo zilikuwa zikitua Dar es Salaam, kwenye kiwanja kidogo cha Kurasini. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndege zikawa nzito, zikaenda kasi, na zikadai barabara ndefu na ngumu, lakini Kurasini, palipobanwa na mkono wa bahari na bandari, hapakuwa na pa kupanukia. Katikati ya miaka ya 1950 shughuli zikahamia Kipawa, takriban kilomita 12 kusini-magharibi mwa katikati ya mji, kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa inaitwa Barabara ya Nyerere. Huko ndiko lilikojengwa jengo la abiria ambalo leo tunaliita Jengo la Kwanza, na ambalo limebaki likihudumia zaidi ndege ndogo na za kukodi. Kumbukeni kwamba Kipawa ya wakati ule ilikuwa nje ya mji. Waliopachagua waliona mashamba na wakadhani wamepata nafasi ya milele.

Kwa miaka mingi Kipawa ilikuwa tawi tu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikuwa na makao yake Nairobi, na safari nyingi za mbali zilianzia huko. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika likafa pamoja nayo, Shirika la Ndege la Tanzania likaundwa mwaka huohuo, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Nchi ikalazimika kujitegemea katika anga kwa ghafla. Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, kilikuwa tayari kwa watalii wa kaskazini, lakini lango la serikali, la biashara na la mabalozi lilikuwa Dar es Salaam, na Jengo la Kwanza halikutosha.

Mwaka 1984 likafunguliwa Jengo la Pili, lililobuniwa na Mfaransa Paul Andreu, msanifu yuleyule aliyebuni kiwanja cha Charles de Gaulle cha Paris. Paa lake ni vipande vingi vya zege vinavyofanana na miavuli, kila kimoja kikibebwa na nguzo yake, hivi kwamba anayeingia hujiona kama amepita chini ya miti. Mimi nalipenda jengo lile kuliko lolote lililofuata, kwa sababu limejengwa na mtu aliyefikiria jua letu. Lilikusudiwa kuhudumia abiria milioni 1.5 kwa mwaka, na idadi hiyo ilipitwa miaka kadhaa kabla ya jengo jingine kupatikana.

Mwili wa Mwalimu, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, ulipokewa katika kiwanja hicho siku chache baadaye, na wengi wetu wenye umri wangu tunaikumbuka siku ile. Katikati ya muongo uliofuata kiwanja kikapewa jina lake. Tarehe 1 Agosti 2019 Rais John Magufuli akafungua Jengo la Tatu, lililojengwa na kampuni ya BAM ya Uholanzi, lenye uwezo wa kupokea abiria milioni 6 kwa mwaka. Safari za kimataifa zikahamia humo, na zile za ndani zikabaki Jengo la Pili.

Sasa niwaombe tutoke ndani ya majengo twende uwanjani, kwa sababu huko ndiko kiwanja kilipo hasa. Barabara kuu ya kuruka na kutua pale Kipawa ina urefu wa meta 4,600, na kwenye ncha zake zimeandikwa namba 05 na 23. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa tarakimu ya mwisho: nyuzi 50 ni kaskazini-mashariki, na nyuzi 230 ni kusini-magharibi. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo, kwa kuwa upepo wa mbele huongeza nguvu ya kuinua mbawa na kufupisha mwendo wa ardhini. Kaskazi, upepo uleule uliowaleta mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi, huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, na rubani aliye kwenye namba 05 huwa ameuelekezea uso. Kusi, ambao ndio uliowarudisha makwao, hutoka kusini na kusini-mashariki, na barabara ya pili ya pale, ile fupi ya takriban meta 1,000 yenye namba 14 na 32, imeelekezwa huko. Nahodha wa jahazi wa karne zilizopita angesimama pale akaelewa ramani nzima bila kufundishwa. Hapa kwetu barabara ina namba 09 na 27, mashariki na magharibi, kwa sababu upepo wa Dodoma, kama mnavyoujua kwa vumbi la mwezi wa Agosti, hutoka mashariki.

Tuangalie sasa ndege moja ya mbali, tuseme imetoka Doha au Istanbul, inapokaribia. Kabla abiria hawajaiona ardhi, rubani huwa ameshaongea na waongoza ndege walio chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ambao huitazama kwenye rada na kuipangia zamu, kimo na njia. Rada za kiraia zilifungwa katika viwanja vinne, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, katika kazi iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2018. Mamlaka ya Hali ya Hewa humpa rubani upepo, joto, mgandamizo wa hewa na umbali wa kuona. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, ambayo ndiyo mwenye nyumba, huhakikisha kwamba barabara haina jiwe, ndege mwitu wala mnyama, na kwamba magari ya zimamoto yako tayari. Kanuni za kimataifa zinataka gari la kwanza lifike mahali popote kwenye barabara ya kutua ndani ya dakika tatu. Ikishatua, ndege hupita kwenye viungio hadi maegesho, magurudumu yanawekewa vizuizi, na hapo kazi nyingi huanza kwa wakati mmoja: mizigo inashushwa, mafuta yanajazwa, chakula kinapakiwa, wasafishaji wanaingia, na fundi anazunguka akitazama injini na matairi. Ndani ya jengo abiria anapita kwa watu wa afya, uhamiaji na forodha. Tangu Juni 2019, miezi miwili kabla ya Jengo la Tatu kufunguliwa, abiria hutakiwa pia kuacha mifuko ya plastiki. Kila mmoja wa hao ana mkubwa wake tofauti, na ustadi wa kuendesha kiwanja ni kuwafanya wote wamalize ndani ya saa ileile bila mmoja kumchelewesha mwenzake.

Nimesema nitazungumzia ardhi, na sasa nimefika. Jengo la Tatu halikusimama kwenye nafasi iliyokuwa ikingoja. Mashamba ya Kipawa yalikuwa yamekuwa mji, na ili kiwanja kipanuke, wakazi wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni walitakiwa kupisha. Nyumba zilifanyiwa tathmini, na wengi walingoja fidia kwa miaka mingi, bila kuweza kuongeza chumba wala kuuza, huku bei ya saruji ikipanda kila mwaka na tathmini ikibaki ya zamani. Nayasema haya kwa uzito kwa kuwa abiria wa leo, akivuta sanduku lake kwenye sakafu inayong'aa, anapita juu ya kitu ambacho familia nyingi zilikilipia kwa kungoja. Kama eneo lote lingetengwa na kulindwa katika miaka ya 1950, gharama hiyo isingekuwapo.

Na sisi hapa mjini tumelirudia jambo hilohilo. Kiwanja chetu cha sasa kimo katikati ya makazi kiasi kwamba kata nzima inaitwa Kiwanja cha Ndege. Barabara yake ilirefushwa mwaka 2016, na ndege za Airbus A220 zinatua, lakini Boeing 787, iliyoanza kutumiwa na shirika letu mwaka 2018, haina nafasi hapa. Tena tuko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kipawa ni meta 55 tu. Hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 10; mbawa hushika hewa kidogo, injini hupata hewa kidogo, na mchana wa joto mambo huzidi. Ndege yenye uzito uleule huhitaji barabara ndefu zaidi Dodoma kuliko Dar es Salaam. Ndiyo maana barabara ya Msalato, ambako Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Oktoba 2022, imepangiwa meta 3,600 kwa upana wa meta 60.

Wapo wanaouliza kama urefu huo una faida, hasa baada ya treni ya reli ya kisasa kuanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Jibu langu ni kwamba treni imeongeza hoja ya Msalato. Abiria wa Dar es Salaam atapanda treni, na ni haki yake. Kwa hiyo kiwanja kipya kitaishi kwa safari za mbali na kwa mizigo, na hizo ndizo zinazodai barabara ndefu.

Namalizia na jambo ambalo liko mikononi mwa waliomo ukumbini humu, hasa ninyi wa mipango miji na ninyi mnaonunua viwanja. Kiwanja cha ndege hakiishii kwenye uzio. Kanuni za kimataifa zinachora anga iliyo wazi kukizunguka: kwa kiwanja cha daraja hilo, ndani ya takriban kilomita 4 kutoka kwenye barabara jengo halitakiwi kuzidi meta 45 juu ya usawa wa kiwanja, na kwenye mstari wa ndege zinazokaribia kutua, kimo kinachoruhusiwa hupanda meta 2 tu kwa kila meta 100, hivi kwamba hata kilomita 3 mbele, mnara wa simu wa meta 70 tayari ni kizuizi. Ramani ya mistari hiyo inafaa ibandikwe katika kila ofisi ya kata kuanzia Msalato na kuizunguka, kwa Kiswahili, kabla tofali la kwanza halijawekwa. Bado kuna mashamba kule. Nilipita wiki iliyopita, na pembeni mwa barabara nimeanza kuona vibao vya viwanja vinavyouzwa.

Nawashukuru sana. Nipo tayari kupokea maswali.