Turbo Inaelea Juu ya Oili

Asanteni kwa kunialika. Nimeona mlivyoegesha Subaru zenu, Impreza na Forester, hapo nje, na mapenzi hayo nayajua yalikotoka. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na sauti ya injini ile haijatutoka masikioni hadi leo.

Tuingie ndani ya turbo. Mna shafti nyembamba kama kidole: upande mmoja gurudumu linasukumwa na moshi, upande wa pili gurudumu linavuta hewa na kuishindilia kwenye injini. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwenye turbo nyingi za magari haya hamna beringi za gololi. Shafti inaelea juu ya oili tu. Utando huo ukikatika, chuma kinakula chuma.

Kwa hiyo ukifika dukani kununua oili usianze na jina la kampuni wala bei. Wengi husoma 5W-30 kwenye dumu wakadhani wamemaliza. W ni habari ya baridi, jinsi oili inavyopita unapowasha asubuhi. Namba ya pili inatokana na uzito wa oili kwenye nyuzi 100. Lakini kwenye metali za krenki, yaani beringi zinazoishika krenki, ukikanyaga kweli, joto linazidi hapo na oili inasagwa. Ndiyo sababu maabara huipima tena kwa nyuzi 150, ikisagwa hivyo hivyo. Katika kipimo hicho 5W-30 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9 mPa·s, kizio cha uzito huo, 5W-40 isishuke chini ya 3.5. Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wanapopotelea. Dumu mbili zinaweza zote kuandikwa 5W-30, na moja ikawa imeundwa ili gari linywe petroli kidogo, haiko mbali na ile 2.9. Nyingine ukiigeuza nyuma unakuta ACEA A3/B4, daraja la watengenezaji magari wa Ulaya, na hiyo imelazimishwa isipungue 3.5. Kwa Subaru yenye injini ya EJ20 ya turbo inayopanda kutoka Mai Mahiu imejaa watu na mizigo, mimi nachukua hiyo ya pili, au 5W-40 sinthetiki.

Wenye Forester XT za 2013 kuja juu, injini yenu ni FA20, na petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ukikanyaga sana injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya wakati wake, na pigo hilo hupasua pistoni. Tafuteni API SP, daraja la oili la Marekani lililoanza 2020. Limepimwa kwa tatizo hilo hasa. Uzito fuateni kitabu cha gari.

Kuna kijana aliniletea Impreza inagonga. Oili alinunua nzuri, halisi, ya bei. Ila alikuwa ametembea nayo kilomita 14,000, na kijiti cha kupimia kilitoka kikavu. Nikafungua bolti ya paipu inayopeleka oili kwenye turbo. Baadhi ya EJ zina kichujio kidogo humo, hata ncha ya kidole haiingii. Kilikuwa kimeziba kwa masizi meusi. Shafti ya turbo ilikuwa imegeuka bluu, metali za krenki zimekwisha. Iliniuma, kwa sababu kijana yule alilipenda gari lake na pesa hakuzibania.

Mimi humwaga oili kila kilomita 5,000, sinthetiki ikiwemo. Kipimo natazama asubuhi, gari limesimama pasipo mteremko, angalau mara moja kwa wiki. Na ukimaliza kupanda mlima usizime papo hapo. Iache injini iungurume taratibu dakika moja au mbili, maana oili ikisimama ndani ya turbo iliyoiva huungua na kuwa yale masizi niliyoyataja.

Sogeeni mezani sasa. Filta hii nimeikata jana, karatasi yake nimeitandaza. Leteni tochi za simu, mwone vipande vya metali vinavyong'aa katikati ya mikunjo.