Vyuo Vilivyoko Chuo Kikuu

MWANAIDI: Karibuni tena. Mimi Mwanaidi, niko Mombasa, mvua inapiga mabati, mtatuvumilia.

SALIMU: Na mimi Salimu, Dar es Salaam. Shikamoo, dada Mwanaidi.

MWANAIDI: Marahaba, ila unanizeesha mbele za watu. Haya, nikikwambia niletee chuo, utaniletea nini?

SALIMU: Nitakung'olea Mlimani mzima nikuletee?

MWANAIDI: Ndiyo nyinyi watu wa Dar! Nyanya yangu akisema chuo, alikusudia kitabu. Chuo cha Herekali, ule utenzi wa Bwana Mwengo wa Pate wa mwaka 1728, hakuna darasa wala mkuu wa chuo humo. Ni kitabu cha Herekali, kaizari wa Rumi.

SALIMU: Na ndiyo mada ya leo. Vyuo vya zamani vya Waswahili, vilivyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambavyo sasa viko vyuo vikuu. Vingi viko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kule London, na vingine hapa kwetu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

MWANAIDI: Anza na vya kwenu.

SALIMU: Vya kwetu huwezi kuvitaja bila kumtaja J.W.T. Allen, Mwingereza aliyezunguka pwani miaka ya 1960 akikusanya miswada ya tenzi. Na hakukusanya karatasi tu, alirekodi na kanda. Utenzi huimbwa, una mahadhi yake. Ukiusoma kimya kimya kama gazeti hujaupata. Katalogi ya mkusanyo huo, miswada na kanda, ikachapishwa mwaka 1970, mwaka uleule chuo kilipopata hadhi ya kuwa chuo kikuu kinachojitegemea.

MWANAIDI: Kwa hiyo kama nataka utenzi, nitafute jina la nani? La mtunzi au la Allen?

SALIMU: Wajua, hapo ndipo panaponiudhi. Watu husema "mkusanyo wa Allen". Ukienda London utasikia "karatasi za Taylor", "karatasi za Hichens", Waingereza wengine wawili waliokusanya. Sanduku lina jina la aliyelibeba.

MWANAIDI: Lakini ni haki kidogo. Asingelibeba lingeliwa na mchwa.

SALIMU: Sikatai. Nasema tu, mwenye kuandika yuko chini ya karatasi, na mwenye kununua yuko mlangoni.

MWANAIDI: Basi tuwataje walioandika. Mimi naanza na Mombasa, msinionee. Mshairi wetu Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Akaja mmisionari, William Taylor, akashirikiana na Mwalimu Sikujua wa hapa hapa Mombasa, na Mwalimu Sikujua ndiye aliyeyaokota kwa wazee na kuyaandika na kuyafafanua. Karatasi zikaenda Uingereza. Hichens akaja kuzichapisha mwaka 1940.

SALIMU: Miaka 100 kamili baada ya kifo cha Muyaka!

MWANAIDI: Na mwalimu mwenyewe alikufa mwaka 1890. Hakuona hata ukurasa mmoja wa kitabu hicho.

SALIMU: Mimi wangu ni wa Lamu. Muhamadi Kijuma. Huyu bwana, sijui alilala saa ngapi. Mtunzi, mwandishi wa hati, mchonga milango, mpiga kibangala, ile ala ya nyuzi, na ngoma ya gungu anacheza. Alifariki mwaka 1945, mzee wa miaka 90 hivi. Alice Werner, aliyekuja kuwa mwalimu wa Kiswahili pale London, alipata miswada kwake. Hichens vilevile. Mjerumani Dammann alipokaa Lamu miaka ya 1930, mlango aliobisha ni huohuo.

MWANAIDI: Hati yake nimeiona kwenye picha. Herufi zimesimama kama mlango uliochongwa. Mishororo imepangwa, na mwishoni ameweka jina lake na tarehe ya Hijria.

SALIMU: Tarehe hiyo nayo huwapa kazi wakutubi. Tuseme kaandika 1352 bila mwezi. Mwaka huo wa Hijria ulianza Aprili 1933 ukaisha Aprili 1934. Utaandika upi? Ndiyo maana katalogi huwa na ule mkwaju, 1933/34.

MWANAIDI: Sasa na mimi nina la kwangu kuhusu Kijuma. Watu wanaona mswada wa Al-Inkishafi au wa Utenzi wa Mwana Kupona, tungo mashuhuri za kale, kwenye maktaba ya Ulaya, wanadhani ni karatasi ileile iliyotoka mkononi mwa mtunzi. Mwana Kupona, mtunzi wa huo wa pili, alifariki yapata mwaka 1860. Alichoandika Kijuma ni nakala, nayo ni nakala ya kuagizwa, yenye kwenda kwa mteja. Safi, haina doa la mafuta, haina alama ya kidole cha mtoto.

SALIMU: Yaani si chuo kilichosomwa nyumbani.

MWANAIDI: Hakijasomwa nyumbani, ewe. Kimeandikwa kwa ajili ya bahasha. Sisemi hakina thamani, mikono kama ile haipatikani. Ila tukikisoma tukumbuke nani aliagiza.

SALIMU: Na kukisoma kwenyewe ni kazi. Wasikilizaji, chukueni kalamu. Kiarabu hakina herufi ya P. Katika hati ya zamani, ba moja inasimama badala ya B, P, na mara nyingi MB. Sasa ukikuta ba na ta, zote zina fataha juu, yaani alama ya irabu A, hilo ni neno gani?

MWANAIDI: Bata.

SALIMU: Au pata.

MWANAIDI: Au mbata! Nazi kavu.

SALIMU: Mashine itakupigia picha nzuri ya ukurasa huo, lakini kati ya bata na mbata haiwezi kukuamulia. Anatakiwa mtu aliyekulia ndani ya lugha. SOAS walikuwa na bahati, walikuwa na Sheikh Yahya Ali Omar.

MWANAIDI: Wa Mombasa huyo!

SALIMU: Nilijua utadai. Alifundisha pale, akaisoma miswada ile, akashiriki kuiorodhesha. Alifariki mwaka 2008. Mtu wa namna hiyo ukimpoteza, sanduku liko, ufunguo huna.

MWANAIDI: Sasa ngoja nikuchekeshe. Nyumbani kwetu kulikuwa na karatasi moja, imekunjwa mara nne, nyanya aliitunza ndani ya kasha pamoja na udi. Sisi wajukuu tuliambiwa ni shairi la babu, alimwandikia wakati wa kuposa. Hakuna aliyeweza kuisoma vizuri. Mjomba alijitahidi, akasoma "pata", tukafurahi. Pata moyo, pata mpenzi, tukajaza wenyewe.

SALIMU: Nishaanza kuona tunakokwenda.

MWANAIDI: Mwaka jana nikaipeleka kwa mzee mmoja anayesoma hati hizi. Akavaa miwani, akaigeuza, akacheka mpaka akakohoa. Mstari wa kwanza, jina la mtu. Pembeni, ba na ta. Kisha tarakimu, 40. Mstari wa pili, jina jingine, mbata 25.

SALIMU: Daftari la madeni!

MWANAIDI: La biashara ya nazi. Babu alikuwa anadai nusu ya mtaa.

SALIMU: Lakini dada, mimi ningeichukua hiyo kuliko utenzi. Wakusanyaji walikuwa wanaulizia tenzi. Karatasi za madeni nani aliulizia? Zilifungiwa karanga. Una habari ya bei, majina, nani alikopa kwa nani. Ipeleke chuo kikuu.

MWANAIDI: Niipeleke wapi, London?

SALIMU: Mlimani, basi. Au huko kwenu Kenya, ilimradi ipigwe picha.

MWANAIDI: Picha nimeshapiga. Karatasi yenyewe mama amekataa. Ameirudisha kashani, na udi wake.

SALIMU: Bado anasema ni shairi?

MWANAIDI: Anasema yule mzee hajui kusoma.