Ukara Haikuanza na Kivuko

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, vijana wa Mwanza, ahsanteni kwa nafasi. Walionisikia siku za nyuma wanajua ninakoelekea, na leo tena naelekea hukohuko.

Kila nikitaja Ukara, kisiwa chetu cha Ziwa Victoria, hapa mjini, mtu ananitajia kivuko cha MV Nyerere. Ana haki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kile kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, wakafa watu zaidi ya 200. Tuliwazika na tunawalilia bado. Lakini kisiwa kilikuwepo kabla ya kivuko, na kina elimu yake. Hiyo hamniulizi!

Ukara ni kama kilomita za mraba 80 tu, mawe tele, udongo wa kichanga. Watu wamebanana pale vizazi na vizazi, na shamba ni lilelile kila mwaka. Wameishije? Ingia nyumba ya Mkara wa zamani. Ng'ombe yumo ndani, tena shimoni. Haendi malishoni kwa kuwa malisho hayapo. Majani ndiyo yanayomfuata. Mama anarudi na mzigo kichwani, mengine kayakata kwenye mashimo yaliyochimbwa kando ya ziwa hadi kufikia unyevu, yakapandwa majani makusudi kwa ajili ya mifugo. Yanayobaki ng'ombe anayalalia, anayakanyaga, yanachanganyika na kinyesi na mkojo. Shimo linajaa kidogo kidogo na ng'ombe naye anapanda nalo. Msimu ukifika, samadi inazolewa kwa vikapu hadi shambani. Humo ndani ya uwele wanapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde. Uwele ukishavunwa, marejea yanaendelea kukua, kisha yanafukiwa mabichi yarutubishe udongo. Hata mti una mwenyewe, maana majani yake ni chakula cha ng'ombe. Na haya hayakuletwa na bwana shamba yeyote.

Najua yupo atakayesema Wakara ni wachapakazi wa kuzaliwa. Sifa hiyo naikataa. Wakara waliohamia bara, huko Geita na Usukumani, walikuta ardhi ya kutosha, na wengi wakaacha kazi yote hiyo. Nani atamkatia ng'ombe majani wakati pori liko mlangoni? Uhaba ndio uliowafundisha. Sasa uhaba umebisha hodi kwenu huku bara, mashamba yanagawanywa kwa watoto mpaka yanakuwa viraka, na bado mnasubiri mfuko wa mbolea kutoka dukani wakati wajuzi wako ng'ambo ya maji!

Nilikusudia kuzungumzia pia Ukerewe, kisiwa kikubwa jirani, Mtemi Lukonge aliyekitawala na ujio wa mvumbuzi Stanley mwaka 1875, na mlango wa maji wa Rugezi unaokitenga na bara, mwembamba hata Ukerewe ikakaribia kuwa rasi. Mwenyekiti ananionyesha saa. Hayo siku nyingine. La sangara siliachi: tangu samaki huyu apate soko, vijana wa visiwani wamekimbilia mialoni, kule samaki wanakoshushwa, na shimo la ng'ombe wamewaachia bibi zao. Siwalaumu, hela iko majini. Ila bibi akiondoka, nani atajua marejea yanapandwa lini?

Chuo cha kilimo cha Ukiriguru hapo si mbali. Wanafunzi wa kilimo wapelekwe Ukara wakae msimu mzima, wabebe samadi kwa vikapu pamoja na wenyeji. Ziara ya kwenda asubuhi na kurudi jioni siitaki. Haya, maswali.