Nani Amemlipa Mwenye Wimbo? Madijei na Majukwaa ya Kurusha Mubashara

Habarini za jioni. Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi ya kuzungumza na madijei wenzangu.

Nianze na usiku mmoja wa mwaka 2020. Kumbi zimefungwa kwa sababu ya Uviko-19, nami nimepanga meza yangu chumbani: kamera moja, kadi ya sauti, taa mbili. Watu wanaingia kwenye chati mmoja mmoja. Dakika ya arobaini hivi naingiza wimbo ambao ndio kilele cha seti. Nimekata besi, nimengoja mapigo manne, nikaiachia. Masikioni mwangu muziki unapiga sawasawa. Kwenye chati wanaandika: "Sauti imekata." "DJ, hatusikii." Nikashika nyaya, nikazima kadi ya sauti na kuiwasha tena. Hakuna kilichoharibika. Jukwaa lenyewe, ambalo sitalitaja, lilikuwa limeutambua wimbo na kuuziba. Baada ya muda picha nayo ikaondoka, na asubuhi nikakuta onyo la hakimiliki kwenye barua pepe.

Wimbo ule nilikuwa nimeununua kwa pesa yangu. Kumbe sikujua nimenunua nini.

Ukinunua wimbo dukani au mtandaoni, umenunua ruhusa ya kuusikiliza. Hata leseni ya ukumbi, kwa kawaida, inahusu watu waliomo ndani ya ukumbi ule. Haimfuati mtazamaji aliyeko kwake na simu mkononi. Tena wimbo mmoja una milki mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, ambao ni wa mtunzi na mchapishaji wake. Kuna rekodi, ambayo mara nyingi ni ya lebo, yaani kampuni ya muziki. Kuurusha hewani ni haki moja, kuuambatanisha na picha ni haki nyingine, na kuacha nakala ibaki mtandaoni ni haki ya tatu. Chama cha mirabaha, yaani kinachokusanya malipo ya watunzi kila kazi zao zinapotumika, kinaweza kukupa kibali cha utunzi, na bado rekodi hujaigusa. Seti ya saa mbili ina nyimbo thelathini, arobaini. Hakuna DJ atakayegonga milango yote hiyo peke yake. Lazima jukwaa liwe limeigonga kabla yako.

Ndiyo maana mtu akiniuliza jukwaa gani linalipa vizuri, mimi namuuliza kwanza: huko, nani amemlipa mwenye wimbo? Kama hajalipwa na mtu, deni ni lako, na utalilipa kwa akaunti yako.

Facebook na Instagram nitazipitia haraka. Machi 2020, DJ D-Nice wa Marekani alikusanya watu zaidi ya 100,000 kwa wakati mmoja kwenye Instagram, nasi tukaamini mlango uko wazi kwa kila mtu. Hauko. Mwongozo wao wa muziki unasema vipande vifupi vina usalama zaidi, kwamba kadiri unavyopiga nyimbo nzima nyingi ndivyo unavyokaribia kuzuiwa, na kwamba muziki usiwe ndiyo shabaha kuu ya video. Sasa seti ya DJ ni nini kama siyo muziki? Patumieni kuwaita watu. Seti yenyewe ifanyieni kwingine.

YouTube ina mashine yake ya kutambua nyimbo, Content ID, tangu 2007. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa mara nyingine video inaachwa na mtu anadhani amepona. Ameachwa, ndiyo, lakini pesa ya matangazo inakwenda kwa mwenye wimbo. Mara nyingine seti inakatwa katikati, au inazuiwa katika nchi fulani tu. Na mwenye haki akiomba video iondolewe, hilo ni onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanatosha kukuondolea chaneli. Lakini kama unapiga kazi zako mwenyewe, au una barua ya lebo mkononi, YouTube ni pazuri sana: asilimia 70 ya Super Chat, yaani pesa wanazokutumia watazamaji kwenye chati, ni yako.

Mixcloud, jukwaa la seti za madijei na vipindi vya redio lililoanzishwa London mwaka 2008, ilianza mubashara mwaka 2020. Ina mikataba na lebo kubwa za Universal, Sony na Warner, na lebo huru kupitia umoja wao, Merlin. Ili urushe, unalipia akaunti ya Pro. Yaani unatoa kabla hujapata, na hilo lisemwe wazi. Lakini unapiga kwa amani, na seti ikiisha unaweza kuibakiza kama kipindi. Masharti yake yanafuata kanuni za redio za intaneti za Marekani: nyimbo zisizozidi nne za msanii mmoja, zisizozidi tatu za albamu moja. Mwenye kupenda kupiga seti nzima ya msanii mmoja atabanwa. Wasikilizaji wako wanaweza kukulipa kwa uanachama wa chaneli yako, na mirabaha hukatwa kabla ya fungu lako. Umati ni mdogo kuliko kwingine. Wanaokuja wamekuja kusikiliza.

Sasa Twitch, jukwaa la video za mubashara, maana najua wengi mmeijia hiyo. Mwaka 2020 ilifurikiwa na madai ya hakimiliki, watu wakafuta vipande vya video vya miaka wakiwa na hofu ya kufungiwa. Agosti 2024 ukaja mpango maalumu wa madijei, wenye mikataba na lebo kubwa na huru. Unajiandikisha, unapiga mubashara, na sehemu ya mapato ya chaneli inakwenda kwa wenye muziki. Kwa sehemu kubwa gharama hiyo Twitch na DJ wanagawana nusu kwa nusu. Asiyeingiza pesa kwenye chaneli yake hakatwi. Lakini ruhusa ni ya mubashara peke yake. Marudio ya seti iliyokwisha hayamo, vipande havimo. Ipo pia orodha ya nyimbo zisizopigwa. Na anayepiga mara mojamoja tu anatakiwa afungue chaneli ya pembeni kwa kazi hiyo.

Wapo wenzangu waliokasirishwa na makato. Mimi nayakubali kwa moyo wote. Miaka yote tumekula kwa mikono ya watunzi na tumewapa kidogo mno. Kinachoniuma ni marudio na vipande. DJ mchanga hujulikana kwa kipande cha sekunde thelathini kinachopita simu hadi simu, na hicho ndicho alichonyimwa.

Kuhusu pesa, tupige hesabu ya mfano. Kwenye Twitch mtazamaji hukutunza kwa biti, na biti moja ni senti moja ya dola kwako, kwa hiyo mtu akikutupia biti 100 amekupa dola moja. Uanachama wa kulipia wa chaneli yako, kwa kuanzia, mnagawana nusu na jukwaa, na bei yake hutofautiana kwa nchi. Wanachama 40 wa nchi ya bei ya juu hawafanani na wanachama 40 wa nchi ya bei ya chini, ingawa chati ina kelele ileile. Kisha toa makato ya muziki, toa bando, toa umeme, gawa kwa saa ulizokaa kwenye meza, pamoja na zile za kutafuta nyimbo. Fanyeni hesabu hiyo kwa mwezi mzima. Usiku mmoja uliochangamka hudanganya.

Jambo la mwisho ni orodha ya nyimbo ulizopiga. Rekordbox na Serato, programu tunazopigia seti, huhifadhi historia ya kila seti, lakini wengi hatuifungui. Mirabaha humfikia mtu pale wimbo unapotambuliwa, na wimbo usiosajiliwa popote hautambuliki. Seti yangu ya juzi ilikuwa na nyimbo 38. Nilizipitisha zote kwenye programu ya simu ya kutambua muziki. Saba ziligoma, na zote saba ni za maprodyusa wachanga wasio na lebo. Nimewaandikia wote. Watatu wameshajibu, wanauliza wasajili wapi kazi zao, na nikitoka hapa usiku huu nakwenda kuwajibu.