Kioo Husomwa Kitakoni: Mhadhara kuhusu bilauri na bakuli za kuchongwa

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Nawashukuru walionialika, na zaidi nawashukuru kwa kunipa meza isiyoyumba, maana vyombo nilivyokuja navyo leo vikianguka sina pa kuvipata tena.

Nianze na neno. Sisi tunasema bilauri, na siku hizi hata kikombe cha plastiki tunakiita hivyo. Kwa Waarabu tuliowakopa neno hilo, maana yake ni kristali, lile jiwe jeupe linalopitisha mwanga ambalo mafundi wa Misri zama za utawala wa Fatimiya walilichonga wakatoa mabirika ya ajabu. Bibi zetu waliposema "nipe bilauri" walikuwa wakitaja kito bila kujua. Wazungu nao walikuja kukiita kioo chao kilicho bora kwa jina la jiwe hilohilo.

Na si neno tu lililofika. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vya wakubwa wa Unguja: vidaka ukutani, na ndani ya vidaka vyombo vya kauri na vya kioo vilivyopangwa kwa ulinganifu. Anasema bei haikuwa hoja. Sahani yenye picha, glasi iliyochongwa, jagi la kupendeza, alimradi kiwe kizuri, kilinunuliwa. Kwa hiyo nikizungumza habari za kioo cha kuchongwa siwaletei kitu kigeni. Ila hakikuchongwa hapa, na ukitaka kukitambua inabidi ukifuate kwao.

Kwao ni London, mwaka 1674. George Ravenscroft alipewa hati ya ufalme ya kutengeneza kioo cha aina mpya. Vyombo vyake vya mwanzo viliugua: vilitoka nyufa ndogondogo kama nywele, vikapata ukungu. Dawa aliyokuja kuitumia ni oksidi ya risasi, risasi hii ya mafundi bomba. Ndani ya kioo, risasi hufanya mambo matatu ambayo mkusanyaji wa vyombo vya kale anayatafuta mpaka leo. Hukipa uzito. Hupinda mwanga zaidi, ndiyo ile mimetometo. Na hukilainisha, kikakubali kuchongwa bila kuvunjika.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu kila hila ya kutambua inatoka katika jinsi kazi ilivyofanyika. Fundi alipewa chombo kitupu, kinene, kisicho na nakshi. Alikichora mistari michache ya rangi, si picha nzima, mistari ya kumwongoza tu. Mbele yake lilizunguka gurudumu la chuma, na juu ya gurudumu kulining'inia chombo kinachodondosha mchanga na maji. Chuma peke yake hakikati kioo. Kinachokata ni mchanga. Fundi alikiegemeza chombo juu ya gurudumu na kukikandamiza, huku akitazama kwa juu, kupitia ndani ya kioo chenyewe, kuona mfereji unavyoingia. Ukizidisha mkandamizo kwa kupepesa jicho, umetoboa bakuli la siku tatu. Kisha gurudumu la jiwe, bila mchanga, kulainisha makovu. Kisha gurudumu la mbao lenye unga laini, mpaka mfereji uliokuwa mweupe kama chumvi ukarudi kuwa wazi kama maji.

Dada wa mbele hapo, shika hilo bakuli. Kwa mikono miwili. Pitisha kidole gumba juu ya nakshi. Unasikiaje?

Linakwaruza, anasema. Sawasawa. Pale mifereji miwili inapokutana pamebaki ukingo mkali, kwa sababu jiwe lilikata huku likakata na huku. Hebu tazama ile nyota ya kitakoni sasa. Ina miale 24. Mmoja, karibu na dole lako, umepita mipaka kidogo ukaugusa mwenzake. Huyo ndiye fundi. Saa hiyo alichoka, au alikuwa anaongea na mwenziwe. Kalibu haichoki.

Kalibu ndiyo adui yetu katika kazi hii, ingawa nisimtukane. Kuanzia miaka ya 1820 Wamarekani walijifunza kumimina kioo cha moto ndani ya kalibu ya chuma na kukigandamiza kwa mkono wa mashine; kampuni ya Sandwich, jimbo la Massachusetts, iliyoanza 1825, ndiyo iliyojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuweka mezani bakuli linalofanana na la tajiri. Lakini kioo cha kalibu kikipoa kingo zake huwa za mviringo, kama sabuni iliyotumika wiki moja, na mara nyingi pana mshono pale vipande vya kalibu vilipokutana.

Mimi mwenyewe nimelizwa na kalibu. Nilikuwa mwanafunzi Uingereza, naosha vyombo mkahawani usiku, na dukani kwa muuza vitu vya kale nikaona bakuli zito lenye vito na mapepeo pande zote. Muuzaji akaniambia ni la Waterford, mji wa kioo wa Ireland, la kale hasa. Nikagusa kwa nje: kali. Sikuona mshono. Nikatoa ujira wa wiki mbili. Ni nyumbani, naliosha, vidole vyangu viko ndani ya bakuli, ndipo nikasikia mabonde. Kila palipokuwa na mwinuko kwa nje, ndani palikuwa na bonde linaloufuata. Chombo kilichochongwa hakifanyi hivyo: ndani hubaki laini, maana gurudumu haliingii ndani. Langu lilipulizwa ndani ya kalibu yenye mchoro tayari, kisha gurudumu likapita juujuu kunoa kingo. Nusu kweli. Ni lile la pili mezani, la kushoto. Lipitisheni, msiogope, hilo hata likipata ufa sitalia.

Hilo jina la Waterford lina kisa chake, na ni kisa cha kodi. Mwaka 1745 serikali ya Uingereza iliweka kodi ya kioo kwa uzito. Fikiria: kila ratili ya kioo inalipiwa, na nakshi inayopendwa inahitaji kioo kinene. Mafundi wa Uingereza wakapunguza unene, michongo ikawa ya juujuu. Ireland haikutozwa kodi hiyo, na mwaka 1780 ikaruhusiwa kuuza kioo nje. Mnajua biashara inavyofanya ikiona upenyo. Mitaji na mafundi wakavuka bahari. Akina Penrose, George na William, wakafungua kiwanda Waterford mwaka 1783, na aliyekiongoza kiufundi ni John Hill kutoka Stourbridge, Uingereza, aliyekuja na mafundi wake. Ndiyo maana wataalamu hukuna kichwa kutenganisha kioo cha Ireland na cha Uingereza cha miaka ile: mikono ni ileile. Mwaka 1825 kodi ikaifuata Ireland. Mwaka 1845 ikafutwa kote, lakini kwa Waterford ilikuwa kuchelewa. Kiwanda kilifungwa 1851, mwaka uleule ambao kampuni ya Osler ya Birmingham ilisimamisha katikati ya Maonyesho Makubwa ya London chemchemi ya kioo yenye uzito wa tani 4.

Waterford ya leo ilizaliwa 1947, baada ya karibu miaka mia ya kimya, kwa msaada wa Karel Bačík, mtu wa kioo kutoka Chekoslovakia. Kwa hiyo ukiona neno "Waterford" limeandikwa kwa asidi, herufi ndogo za kijivu kitakoni, hicho ni chombo cha karne ya 20, hata muuzaji aape kwa kitabu gani. Cha kale, kikiwa na jina kabisa, ni chupa za mvinyo zilizopulizwa katika kalibu, na jina la Penrose limeinuka kwenye kioo chenyewe. Vyombo vingi vya zama zile havina jina lolote. Na ile hadithi kwamba Waterford ya kweli ina rangi ya buluu iachieni wauzaji. Kiwanda kilijivunia weupe.

Wamarekani nao wana zama zao, nazo wanazihesabu tangu maonyesho ya Philadelphia ya 1876 hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, vita ilipodai risasi kwa mambo mengine. Mji wa Corning, New York, ulijaa karakana za wachongaji. Hapo ndipo T. G. Hawkes alipotoa mchoro ulioitwa wa Kirusi, uliosajiliwa 1882: nyota juu ya nyota, hakuna mahali jicho linapumzika. Mimi binafsi naona wamezidisha chumvi. Lakini ukiuona chini ya mishumaa, na vyombo hivi vilitengenezwa watu wakila kwa mishumaa na gesi, unasamehe.

Wenye karakana kama Hawkes, Libbey wa Toledo na J. Hoare walitia alama zao kwa asidi, hafifu sana. Pulizia pumzi kitakoni ndipo uione. Usiiamini peke yake. Muhuri wa mpira na asidi kidogo humpa tapeli alama ileile kwa dakika moja. Mimi huanza na kitako. Chombo kilichokaa mezani miaka mia kina mikwaruzo pale tu kinapogusa meza, mingine mirefu, mingine mifupi, kila mmoja na njia yake. Mikwaruzo ikielekea upande mmoja kama imechanwa kwa kitana, hiyo ni msasa, na ilifanywa wiki iliyopita.

Kuna na tochi, ile ya kukagulia noti benki. Wakusanyaji wa Marekani huiwasha gizani. Vioo vingi vyao vya kale hutoa mng'ao hafifu wa kijani-manjano kwa sababu ya manganisi iliyotiwa kuondoa rangi. Inasaidia, haihukumu.

Kuhusu vile vyekundu vya Bohemia, maana naona mzee kule nyuma amekuja na mrashi wake. Tuuone, mzee wangu. Shikamoo. Tazameni pembeni ya mchongo, palipokatwa. Ikiwa wekundu una unene, unauona kama ganda la tikiti, basi ni vioo viwili vilivyovalishana, kazi ya gharama. Huu hauna unene. Ni rangi iliyochomewa juu, njia ya Friedrich Egermann ya miaka ya 1830, na baada yake ilitumika mno. Ni mrashi mzuri, mzee. Ila usiusugue kwa majivu, rangi itatoka.

Kuna ndugu ameuliza kama vyombo hivi vinatumika. Vinatumika kwa kunywa ukamaliza. Kuweka kinywaji ndani ya chupa yake wiki na miezi, hapana, risasi hutoka polepole ikaingia kwenye kinywaji. Na maji ya moto msithubutu. Kioo kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine hupanuka kwa mwendo tofauti, kikalia pa.

Chupa hii sikuieleza. Kizibo cha chupa ya namna hii kilisagwa ndani ya shingo yake mwenyewe, hakiingii vizuri kwingine, kwa hiyo mafundi walikwaruza namba moja kwenye shingo na kwenye kizibo visije vikachanganyika karakanani. Soma hapo shingoni, kijana, kwa sauti. Tisa. Na kizibo? Kumi na nne. Ehe. Niliinunua kwa nusu ya bei, na muuzaji akanieleza wazi kabla sijauliza: hii ni ndoa ya pili.