Mpeleke Josho

NEEMA: Wasikilizaji, leo Elia kaingia amenuna, hata salamu hajajibu. Mbwa wake Simba kafanya nini tena?

ELIA: Hajafanya kitu, ndiyo shida. Jumanne nimempeleka kwa daktari, ile ya kila mwaka. Wakamtoa damu, wakaidondoshea kwenye kipimo, ikatokea nukta ya buluu: Lyme, ule ugonjwa wa kupe. Na mwenyewe yuko pale anatingisha mkia, analamba sakafu ya watu.

NEEMA: Hachechemei?

ELIA: Wala. Homa hana, anakula mpaka soksi. Na kidonge cha kutafuna cha kupe nampa kila mwezi. Nikamtumia mama ujumbe wa sauti, Handeni. Unajua alivyonijibu?

NEEMA: Mafuta ya taa.

ELIA: Afadhali ingekuwa hivyo. "Mwanangu, mpeleke josho."

NEEMA: (anacheka) Josho! Hapa Lowell!

ELIA: Namwambia mama, Massachusetts hakuna majosho. Ananiuliza, "Sasa serikali yao inafanya kazi gani?"

NEEMA: Mama ana hoja.

ELIA: Kwetu siku ya josho shule tulikuwa hatuioni. Ng'ombe anasukumwa kwenye kile kichochoro cha saruji, anatumbukia chubwi, na wewe uko ukingoni na fimbo ya panda unamzamisha kichwa dawa ifike masikioni. Anatokea upande wa pili anapiga chafya, anakuangalia vibaya.

NEEMA: Mzamishe Simba na fimbo, majirani wapige 911.

ELIA: Mama anasema nichimbe nyuma ya nyumba.

NEEMA: Nyumba ya kupanga! "Baba mwenye nyumba, naomba kibali cha josho."

ELIA: Kasema atanitumia vipimo vya shimo.

NEEMA: (anacheka) Mama, pole. Kupe wa huku si yule wa ndigana ya ng'ombe. Huyu akiwa mchanga, mwezi wa tano, wa sita, ni kama mbegu ya mchicha. Kwenye manyoya meusi utamwona wapi? Vijidudu anavitoa kwa panya wa msituni. Ila mpaka amwambukize mbwa, kwa kawaida lazima ang'ang'anie siku nzima, hata mbili. Ndiyo maana mkitoka msitu wa Dracut unampapasa siku hiyo hiyo: nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole.

ELIA: Nampapasa. Sasa nataka antibayotiki, doksisaiklini, mwezi mzima, tumalize.

NEEMA: Umalize nini? Kipimo kinasema mwili wake ulishakutana na vijidudu. Hakisemi anaumwa. Mbwa wengi huku New England wana nukta hiyo na hawaugui kamwe.

ELIA: Na wale wanaoharibika figo? Simba ni Labrador. Labrador na Golden ndio wanaotajwa zaidi.

NEEMA: Ndiyo maana daktari kataka mkojo, aone kama protini inavuja. Mkojo ukiwa safi, unasubiri, unapima tena.

ELIA: Figo ikishakufa hairudi.

NEEMA: Antibayotiki bila ugonjwa, ni yale yale ya nyumbani, mtu akipiga chafya anakimbilia duka la dawa kununua rangi mbili.

ELIA: Neema, mbwa si wako.

NEEMA: Na utumbo utakaoharishwa si wako.

ELIA: Daktari mwenyewe kasema madaktari hawakubaliani.

NEEMA: Wengi wako upande wangu.

ELIA: Wengi hawalali na Simba.

NEEMA: Kitandani?

ELIA: Tusiende huko. Mimi nitampa.

NEEMA: Na mimi nasema usimpe. Ona, fundi mitambo anatuonyesha saa. Chanjo, kibano cha kung'olea kupe, nyasi za uani, hatujagusa hata kimoja!

ELIA: Soma vichwa tu.

NEEMA: Hapana, wenye paka kwanza: dawa ya mbwa ya kudondoshea mgongoni yenye permethrini isimguse paka. Inaua.

ELIA: Na theluji! Watu wanaacha kidonge baridi ikianza, kumbe kupe mkubwa anatembea siku yoyote barafu ikiyeyuka...

NEEMA: Hiyo wiki ijayo.

ELIA: Wiki ijayo tuna yule mgeni wa kodi.

NEEMA: Basi siku nyingine. Zima, zima.